Daftari limekwama ukurasa wa 19

BARUA

Assalaam alaykum mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 26, mkazi wa Langoni, Lamu. Nauza dukani: nafungua saa tatu asubuhi, nafunga saa saba mchana, nafungua tena saa kumi. Nafasi yangu naipata hapo katikati.

Baada ya Idi nilikwenda Mombasa nikarudi na vifaa vya kuchorea: boksi la penseli 12 kuanzia 4H hadi 6B, daftari la A4, raba nyeupe na kichongeo cha chuma. Wiki mbili za kwanza nilichora kila siku hata chakula nikisahau. Sasa ni mwezi wa tatu tangu hapo na daftari limesimama ukurasa wa 19. Nikilifungua, nalifunga.

Shida zenyewe ni hizi. Karatasi zimejikunja kama ng'onda. Raba inang'oa nyuzi. Penseli ngumu zinakwaruza bila kuonekana, na zile laini zinapaka mkono, shati na ukurasa wa pili. Risasi inakatika ninapochonga, na kichongeo kimeshika kutu. Nilichora Ngome ya Lamu nikiwa nimekaa uwanja wa Mkunguni, daftari mapajani, ikatoka imepanuka juu kama ndoo. Jahazi langu, rafiki yangu aliuliza kama ni sufuria. Punda hawatulii. Na nikikaa nje, dakika tano hazijapita nyuma yangu pana watu sita, kila mmoja na ushauri wake.

Tena ami yangu hapendi nichore watu.

Je, ninunue vifaa bora zaidi? Au hamu yenyewe haikuwepo tangu mwanzo? Wanaoendelea miaka na miaka wanafanyaje?

Mwenye daftari, Langoni

JIBU

Waalaykum salaam, na marahaba mwanangu.

Ulipotaja saa zako ulitaja nusu ya ugonjwa. Unatoka kuchora saa saba mchana, Lamu. Hapo hata mtu aliyeshika penseli maisha yake yote angefunga daftari. Lamu iko digrii mbili na ushei tu kusini mwa ikweta, na saa hiyo jua bado liko karibu na utosi. Katikati ya mwezi wa 3 na mwishoni mwa mwezi wa 9 adhuhuri yake ni ya utosini hasa. Jua likiwa juu hivyo, ukuta hauna upande wa giza, nakshi ya mlango haina kivuli, na karatasi nyeupe inakurudishia mwanga machoni mpaka hujui umechora nini. Kiganja kinatoa jasho, jasho linaingia kwenye karatasi. Likianza kuteremka, linateremkia nyuma ya mji, na nyumba zote za ufuoni zinaingia kivulini. Halafu wewe unajilaumu kwamba huna hamu.

Hamisha saa. Kazi ya nje ifanye kabla ya kufungua duka, tangu saa moja na nusu hadi saa tatu kasorobo. Mji umetazama mashariki, upande wa kisiwa cha Manda, na jua hupanda karibu digrii 15 kwa saa. Ikifika saa mbili na nusu linazipiga nyumba za ufuoni kwa mshazari kutoka juu: chini ya kila kizingiti cha juu pana mstari mweusi, chini ya kila roshani pana kivuli chenye ukingo. Hicho ndicho unachokitafuta. Mchoraji wa penseli hachori ukuta, anachora mahali ukuta unapoacha kuwa mweupe.

Mchana baki ndani. Kandambili mbili mlangoni, birika, kofia iliyowekwa juu ya kinywa cha bilauri, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kama nyumba yenu ni ya zamani. Vitu hivi havitembei wala havitoi ushauri, na mwanga wa dirisha moja huja kutoka upande mmoja. Mazoezi ya giza na mwanga yanajifunzwa hapo, si Mkunguni.

Sasa karatasi, kwa sababu huo ndio upande wa pili wa ugonjwa. Karatasi ni nyuzi za mmea zilizobanwa, na nyuzi hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Daftari likiwa limefungwa, kingo za ukurasa hunywa kabla ya katikati. Kingo zinarefuka, katikati inabaki vilevile, ukurasa unajikunja. Uso uliovimba huwa laini. Penseli ya H inachimba mfereji badala ya kuacha alama, na raba inaondoka na nyuzi. Kwa hiyo mambo matatu uliyoyaandika kama shida tatu ni shida moja.

Dawa yake haina gharama kubwa. Tafuta mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, au kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Tia ndani vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na chupa za dawa; vitano au sita vinatosha daftari moja. Ukivikosa, kaanga mchele mkavu bila mafuta dakika kumi, uache upoe, ufunge kwenye kitambaa; nguvu yake ni ndogo na kila wiki lazima uukaange tena, lakini si bure. Daftari lirudi humo kila ukimaliza, likiwa limelazwa chini ya kitu kizito, kamwe lisisimamishwe kwenye rafu. Na usiliache juu ya ukuta wa matumbawe, maana ukuta huo unapumua unyevu usiku kucha. Hewa ya bahari si kisingizio cha kuacha: huko Siyu, kisiwani Pate, waandishi walinakili misahafu kwa mkono karne za 18 na 19, na nyingine zipo mpaka leo.

Ukinunua daftari jingine, na usinunue kabla hili halijaisha, angalia uzito ulioandikwa kwenye jalada. Gramu 80 kwa mita mraba ni karatasi ya mashine ya kunakili, itang'oka tu. Penseli na wino vinataka 120 hadi 160. Ukitaka kutia maji kidogo, 200. Maji mengi, 300. Na ukubwa: achana na A4. Ukurasa wa A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, na mtu wa miezi mitatu akiutazama mtupu anahisi amepewa kiwanja ajenge. A5 inaingia kwenye mkoba mdogo na inajaa kwa dakika ishirini. Hilo ulilonalo lina tiba: chukua rula, kila ukurasa uugawe vyumba vinne, kila chumba sentimita 8 kwa 11 hivi. Chumba kimoja, kitu kimoja. Kikiharibika, umeharibu robo.

Kwenye boksi lako la penseli 12 unahitaji tatu: HB, 2B na 6B. Risasi ya penseli si risasi, ni grafiti iliyochanganywa na udongo na kuchomwa. Udongo ukizidi inakuwa ngumu na hafifu, hizo ndizo H, na grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, hizo ndizo B. HB ni ya mifupa ya mchoro, mistari ya kwanza, ukiishika nyuma, mbali na ncha, ili usiweze kukandamiza hata ukitaka. 2B ni ya mistari ya kubaki. 6B ni ya giza peke yake, na itumie mwishoni, kwa sababu mkono ukipita juu yake mara moja umeshapaka ukurasa mzima. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja. Kama unatumia mkono wa kulia, giza lianze kushoto lije kulia. Kurasa zilizochorwa zitenganishe kwa karatasi nyembamba na ulifunge daftari kwa raba bendi. Uchafu mwingi hautokani na mkono, unatokana na kurasa kusuguana ndani ya mkoba unapotembea. Wapo wanaopuliza dawa ya nywele juu ya mchoro. Inashika, ndiyo, na baadaye inageuka manjano.

Risasi ikikatika kila unapochonga, sababu huwa moja kati ya tatu. Ya kwanza, penseli imeanguka sakafuni na risasi imevunjika vipande ndani ya mti. Hiyo haina dawa, chonga kwa subira mpaka upite mahali palipovunjika. Ya pili, risasi haikukaa katikati ya mti: itazame penseli kwa nyuma, kitakoni, utaona duara limeegemea upande. Ya tatu, na ndiyo yako, wembe wa kichongeo umeshika kutu kwa chumvi. Unapasua mti badala ya kuukata na kuisukuma risasi upande. Kitupe. Chonga kwa kisu kidogo au wembe wenye upande mmoja wa kushikia. Kaza penseli mkono wa kushoto, dole gumba la kushoto lisukume mgongo wa kisu mbele, mkono wa kulia uongoze tu. Toa mti sentimita mbili, risasi iachwe milimita nane hadi kumi, kisha ncha uinoe kwenye kipande cha msasa laini. Ncha ndefu hivyo inakupa mistari miwili: ukisimamisha penseli unapata mstari mwembamba, ukiilaza unapata upana wa kutia kivuli kwa haraka. Kichongeo hakiwezi kukupa huo wa pili.

Raba nyeupe iache ya kusafishia kingo. Nunua ile ya kukanda, laini kama unga wa chapati. Haisugui, unaibonyeza juu ya grafiti na kuinyanyua, inaondoka na giza bila kugusa nyuzi. Kwenye joto letu inalainika na kunata, basi iweke kwenye kikopo na si mfukoni.

Ongeza kalamu moja ya wino mweusi usioyeyuka kwa maji, unene wa 0.3 au 0.5. Biro ya kawaida pia ni chombo halali, tena kizuri, kwa sababu haifutiki na inakulazimisha uangalie kabla ya kugusa. Ubaya wake ni mmoja: wino wa biro ukikaa kwenye mwanga miaka kadhaa unapauka. Na ukitaka rangi bila kununua rangi, kahawa chungu iliyobaki kwenye kikombe inatia kivuli cha kahawia kizuri sana juu ya wino huo. Iwe bila sukari, ama sisimizi watakula mchoro. Hapo tumemaliza habari ya kununua. Vifaa bora zaidi ya hivi havitakuongezea kitu kwa sasa.

Ngome yako iliyopanuka kama ndoo ina sababu moja tu, na umeitaja mwenyewe: daftari lilikuwa mapajani. Karatasi ikilala, sehemu yake ya juu iko mbali na jicho kuliko ya chini, kwa hiyo jicho linaiona imefupika na kubanwa. Mkono unafidia, unachora juu kukubwa. Ukija kuisimamisha, unaona ndoo. Tafuta ubao wa plaiwudi wa milimita tatu au nne, mkubwa kuliko daftari kwa vidole viwili kila upande, ubane kwa klipu mbili, uusimamishe juu ya goti mpaka karatasi iwe imetazamana na uso wako. Kwa mistari ya kusimama tumia timazi kama ya fundi uashi: uzi na kijiwe. Uning'inize mbele ya jicho, uulinganishe na pembe ya ukuta. Lakini kumbuka Lamu kuta nyingi za zamani hazikunyooka, na Ngome ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, kabla ya mashine za leo. Ukuta ukiinama kweli, uchore umeinama.

Vipimo vingine vyote ni vya penseli na mkono. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, funga jicho moja, ncha ya penseli iguse juu ya kitu na dole gumba lishuke mpaka chini yake. Kipimo hicho kiite uzi mmoja. Bila kulegeza kiwiko, hesabu upana wa kitu ni uzi ngapi. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo, kipimo kimebadilika na utakosea bila kujua kwa nini.

Ukishika Njia Kuu au kichochoro chochote cha mji, anza na mstari wa macho. Ni mstari wa kulala, kimo cha macho yako mwenyewe, ndio unaotawala kila kitu. Kingo zote zinazofuata njia, za juu ya mstari huo, roshani, boriti, vizingiti, zinateremka kuelekea nukta moja mwisho wa njia. Zote za chini yake, mabaraza na vipandio, zinapanda kwenye nukta ileile. Ukichora umesimama kwenye njia iliyo sawa, vichwa vya watu wazima wa kimo chako vyote vinakaa kwenye mstari huo, wa karibu na wa mbali. Wa mbali anafupika kwa miguu kupanda, kichwa chake hakiondoki kwenye mstari. Ukikaa barazani, mstari unashuka na vichwa vyote vinapanda juu yake. Wanaoanza huchanganya: wanachora njia kwa macho ya aliyekaa na watu kwa macho ya aliyesimama, kisha wanaona watu wanaelea.

Jahazi usilianzie kwenye ukingo. Anza na mstari wa maji, halafu chora boksi refu kama la viatu likiwa limekaa mshazari, halafu ndani ya boksi hilo ndipo uikate omo, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma. Sufuria inatokea pale pande mbili zinapochorwa kwa mpindo mmoja uliogeuzwa. Ukitazama kwa mshazari, ubavu wa karibu unaonekana mrefu na umepinda taratibu, wa mbali ni mfupi na unajitokeza kidogo tu. Mambo mengine matatu yanalitambulisha: omo la majahazi ya Lamu limesimama karibu wima, mlingoti umeinamia mbele wala haukusimama kama mti wa bendera, na foromali, ule mti wa kufungia tanga, ni ndefu, imening'inia ubavuni mwa mlingoti, haikupita katikati yake. Macho ya duara pale omoni yaache mwisho. Nenda maji yamekupwa, hasa siku za bamvua ambapo maji hutoka mbali. Vyombo vinakalia mchanga, vinaegemea ubavu, na vinakungoja saa mbili tatu bila kusogea.

Punda je? Punda hawatulii, lakini wanarudia. Aliyefungwa ufuoni ana mikao mitatu au minne anayoizungukia: kichwa chini, kichwa juu, mguu mmoja wa nyuma umelegezwa, amegeuka kujikuna. Anza michoro mitatu kwenye ukurasa mmoja kwa pamoja. Akibadilisha mkao, acha uliokuwa ukiuchora uhamie mwingine. Akirudi, nawe urudi. Urefu wa kiwiliwili chake, kifua hadi matako, ni karibu sawa na kimo chake kutoka chini mpaka begani, kwa hiyo mraba mwepesi utakubeba. Kosa la kawaida ni miguu ya nyuma: kiungo kile cha katikati kinakunjika kuelekea nyuma, maana ni kifundo chake wala si goti. Ukikichora kama goti utapata meza.

Nitakufanyia mchoro mmoja wote, ili uone mwendo wake. Mlango wa nakshi, chumba kimoja cha sentimita 8 kwa 11, dakika ishirini. Kaa mbali mara tatu ya kimo cha mlango, au mbali kadiri kichochoro kinavyokuruhusu, sawa na katikati yake. Dakika mbili za kwanza usichore, hesabu tu. Upana wa mlango pamoja na miimo ukiufanya uzi mmoja, kimo ni uzi mmoja na nusu? Moja na robo tatu? Andika jibu pembeni. Dakika tatu kwa HB: mstatili wa nje, mstatili wa ndani, mstari mmoja wa katikati ambao ndio mfaa, ule mti wa nakshi unaofunika maungio ya mbao mbili. Mstari wa kulala kwa kizingiti. Basi. Dakika tano za giza kwa 2B iliyolazwa: upande wa ndani wa mwimo ulio kivulini, chini ya kizingiti, na mpasuko kati ya mbao. Finya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Nakshi zitapotea, na utaona maumbo matatu ya giza tu. Hayo ndiyo unayoyatia. Dakika nane zinazofuata, nakshi, na hapa ndipo watu wanapozama. Usichore nakshi zote. Chagua mahali pamoja, kiganja kimoja cha mfaa kwa mfano, pachore kwa ncha kali kila jani na kila duara. Ukienda juu na chini yake legeza, mistari ipungue, mwisho ibaki vidoti. Jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe. Dakika mbili za mwisho ni za 6B: sehemu tatu tu, zile nyeusi kuliko zote. Ukuta wa chokaa pembeni usiuguse kabisa. Karatasi ndiyo chokaa.

Makosa mawili utayafanya. La kwanza, utachora mfaa mwembamba mno, kwa sababu akili inauita mstari, upime. La pili, giza lako litakuwa la kijivu. Kabla ya kuanza chora vijumba vitano pembeni mwa ukurasa, cha kwanza kitupu, cha tano kimejazwa 6B mpaka karatasi isionekane, na vitatu katikati kwa ngazi. Mchoro usiofika kijumba cha tano mahali popote utaonekana umefifia, hata ukiwa sahihi.

Wale watu sita nyuma yako hawaondoki kwa kukasirikiwa. Wanyime nafasi ya nyuma: kaa kwenye daka au baraza yenye ukuta mgongoni, baada ya kupiga hodi kwa wenye nyumba. Daftari dogo halivuti watu kama ubao mkubwa. Akija wa kutoa ushauri, mwambie "ngoja nimalize kivuli hiki", huku penseli inaendelea. Wengi hawana dakika tatu za kusimama.

La ami yako si langu kulitolea hukumu. Muulize mwalimu wako wa chuo cha Kurani, umpelekee na daftari lenyewe aone. Hadi upate jibu unayo milango, mashua, mikoko, vikapu, zidaka na nakshi za plasta, na hizo hujazimaliza. Watu wa barabarani, hasa akina mama, usiwachore bila idhini hata kama hakuna anayekukataza. Ukihitaji mtu wa kuonyesha ukubwa wa njia, madoa mawili, kichwa na kanzu, yanatosha na hayana uso wa mtu yeyote.

Ama hamu, usiihesabu. Hesabu vyumba. Viwili kwa siku, siku tano kwa wiki, ni vyumba 40 kwa mwezi, yaani kurasa kumi. Kila chumba kiandike tarehe, saa, na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Usichane ukurasa hata mmoja, kwa sababu utaanza kuchora kwa kuogopa kuchana. Kitu kimoja kichore mara tano kabla ya kuhamia kingine: birika hilohilo, siku tano. Mara ya kwanza unalichora ulijualo, mara ya tatu linakuchosha, mara ya nne unaona mdomo wake haukutokea katikati ulipokuwa ukiuweka siku zote. Acha kazi ukiwa unajua mstari unaofuata, usingoje mpaka uchoke, ili kesho ukifungua daftari mkono uwe na pa kuanzia. Na usitume michoro kwenye simu kila siku kungoja sifa. Tuma baada ya vyumba 40, cha kwanza na cha mwisho pamoja.

Picha za simu ukizitumia, zitumie kukumbuka umbo la nakshi tu. Lenzi ya simu ukiwa karibu inapanua kilicho mbele na kupinda kuta, na ukinakili utarudi kwenye ile ndoo.

Ukurasa wa 19 uache ulivyo. Geuza, chora mistari ya vyumba vinne kwenye wa 20, na mchana wa leo weka kandambili moja ikiwa imeegemea nyingine mbele ya mlango. Zile 4H hadi F zilizobaki kwenye boksi mpe mtoto yeyote wa jirani anayechora ramani na jiometri shuleni. Kwake zina kazi.